Bei inapanda: namna ya kuwaambia wateja wanaokulipa kila mwezi

Julai 2023 Sheria ya Fedha ilipandisha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia katikati ya Septemba lita ya dizeli jijini Nairobi ilikuwa imegonga shilingi 200, na sisi wa Nakuru hatukuwa mbali. Nina lori moja la kuzoa taka, na nyumba ninazozihudumia hunilipa kwa mwezi. Tarehe 30 usiku niliketi na simu nikawatumia wateja wote meseji moja: "Kuanzia kesho bei ni 300. Asante kwa ushirikiano." Asubuhi simu ililia kabla lori halijawashwa.

Mwezi ule ulipokwisha, jengo moja la ghorofa lenye nyumba 24 lilikuwa limehamia kwa mzoaji mwingine. Msimamizi wake aliniambia neno ambalo sijalisahau. Shilingi 50, alisema, wapangaji wangezitoa. Kilichomshinda ni kuamka na kuwaeleza watu 24 jambo ambalo yeye mwenyewe alilisoma saa tano usiku.

Tangu hapo nimepandisha bei mara moja tena, na nimekaa na rafiki anayeuza Wi-Fi kule Kisumu na dada mmoja anayepeleka maziwa kutoka Njoro tukapanga yao. Haya ninayoandika yametoka humo. Yanamfaa yeyote anayelipwa kwa mwezi: taka, intaneti ya mtaani, maziwa ya mlangoni, basi la shule, jimu, maji ya mitungi.

Hatua ya 1: Fungua daftari kabla ya kufungua mdomo

Mali bila daftari huisha bila habari, na bei isiyotoka kwenye daftari huwezi kuitetea langoni pa mtu. Chukua miezi mitatu iliyopita uandike kila shilingi iliyotoka: mafuta, mishahara, ada za jaa na leseni ya kaunti, bima, tairi, magunia, glavu na gambuti za vijana, hata salio la simu unalotumia kuwafuata wanaochelewa. Kinacholipwa mara moja kwa mwaka kigawanye kwa 12. Tairi zinakudai kila mwezi hata kama mwezi huu hukununua. Halafu gawanya jumla kwa idadi ya wateja. Si majina yote yaliyo kwenye orodha ni wateja; hesabu waliolipa.

Sasa jiulize: nikiongeza, wangapi wanaweza kuondoka kabla sijarudi pale nilipokuwa? Tuseme una nyumba 400 na kila moja inalipa 300. Unakusanya 120,000 kwa mwezi. Ukipandisha hadi 350, nyumba 343 zinakuletea 120,050. Maana yake nyumba 57 zinaweza kuhama na mapato yakabaki yale yale. Hesabu hiyo iandike kwenye karatasi uiweke mfukoni. Mteja wa kwanza akitishia kuhama hutatetemeka, wala hutampa punguzo la woga ambalo jirani yake atalisikia kabla ya jioni.

Ongeza mara moja, kwa kiasi kitakachokutosha mwaka mzima. Nimeona watu wakiongeza 20 mwezi wa pili na 30 mwezi wa sita wakidhani wanawahurumia wateja. Wateja hao walisumbuliwa mara mbili, na baada ya mara ya pili kila meseji kutoka kwa mtu huyo waliifungua kwa hofu. Kiasi chenyewe kiwe kinacholipika kwa urahisi, 350 na si 335. Anayekutumia pesa kwa nambari ya simu hukatwa na M-Pesa kwa madaraja, na 500 na 550 hazimo daraja moja, kwa hiyo bei ikivuka hapo mteja anaongezewa mara mbili kwa siku moja. Ukimpa Till, ile nambari ya M-Pesa ya biashara, hakatwi kitu. Kama bado unapokea pesa kwa laini yako binafsi, fungua Till kwanza, bei baadaye.

Jambo la kodi, kwa ufupi: mauzo yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, KRA, mamlaka ya ushuru, inakutaka ujisajili kwa VAT. Ukiona unakaribia huko, iingize kwenye hesabu ya bei hii. Usije ukawarudia wateja baada ya miezi minne na asilimia 16 nyingine.

Hatua ya 2: Safisha huduma kwanza

Lori likikosa kufika Jumanne mbili mfululizo, huna ruhusa ya kutangaza bei mwezi huo. Sisemi ruhusa ya sheria. Nasema hutaweza kumtazama mtu machoni. Mvua za Aprili zinapoigeuza barabara ya ndani kuwa tope na lori kukwama, taka hulala langoni, mbwa huichana, na mama wa nyumba huifagia asubuhi akiwa amevaa nguo za kwenda kazini. Mtu huyo ukimpelekea habari ya shilingi 50 atakukumbusha kila gunia.

Mimi hujipa miezi miwili. Naandika kila siku tuliyokosa na kila malalamiko, nayashughulikia, na ninapoona majuma nane yamepita bila pengo ndipo naanza kupanga tarehe. Kwa mtu wa Wi-Fi ni miezi miwili bila kukatika kusikoelezwa. Kwa basi la shule ni miezi miwili ya kufika kwa wakati.

Hatua ya 3: Tafuta sababu ya kweli, na uangalie kama itakaa

Hapa ndipo nilipoumia zaidi, hivyo nitakaa kidogo.

Mwaka 2023 waliponipigia simu niliwaambia wote neno moja: dizeli. Lilikuwa kweli. Lakini EPRA, mamlaka inayodhibiti mafuta na kawi, hutangaza bei ya mafuta kila tarehe 14, na wateja wangu husikiliza redio ile ile ninayoisikiliza. Oktoba 2024 dizeli jijini Nairobi ilikuwa imeshuka hadi 168 na senti. Mzee mmoja wa mtaa wa Section 58, mwalimu mstaafu, alinisimamisha langoni akaniuliza kwa upole, "Kijana wangu, dizeli imerudi. Na bei yetu inarudi lini?" Nilikosa jibu. Mafuta yalikuwa sehemu moja tu ya kilichonipandishia gharama. Mishahara na tairi nilizinyamazia kwa sababu dizeli ilikuwa rahisi kueleza.

Rafiki yangu wa Manyatta, Kisumu, alikwama pale pale kwa dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Ruta na vifaa vyake vikapaa, akapandisha kifurushi cha mwezi na kuitaja dola kama sababu. Kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa imeteremka hadi karibu 130. Wateja wake wengi ni wanafunzi na vijana wanaofanya kazi za mtandaoni na kulipwa kwa dola, watu wanaoitazama kila asubuhi. Walimuuliza swali la mwalimu wangu, tena kwa maneno makali kuliko ya mwalimu.

Kwa hiyo zitenge gharama zako mafungu mawili. Kuna zinazopanda na kushuka: mafuta, dola, maziwa ya kiangazi. Na kuna zinazopanda zikakaa. Kima cha chini cha mshahara kiliongezwa asilimia 6 mwaka 2024. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 mwajiri hulipa wake, kando na ule anaomkata mfanyakazi. Michango ya NSSF, hazina ya uzeeni, imekuwa ikipanda kwa awamu tangu 2023, na mwajiri hulingana na mfanyakazi shilingi kwa shilingi. Hizo hazirudi.

Nyongeza yako ikiwa ni ya kukaa, itaje gharama inayokaa. Ikiwa imeletwa na kitu kitakachoshuka, sema ni ya muda na utaje mwezi itakapoondoka, kisha uiondoe. Yule dada wa Njoro hufanya hivyo. Nyasi zinapokauka Januari hadi Machi na ng'ombe wanapopunguza, anaongeza shilingi kadhaa kwa lita. Mvua zikirudi na maziwa kujaa, anaziondoa bila kuombwa na mtu. Mwaka wa kwanza walimnung'unikia. Sasa hawaulizi, kwa sababu wameiona bei ikishuka kwa macho yao.

Ukiwa na sababu tatu, chagua ile nzito zaidi uiseme peke yake. Zikija tatu kwa pamoja, mteja huishika ile dhaifu.

Hatua ya 4: Panga tarehe

Siku 30 ndicho kiwango cha chini ambacho ningemshauri mtu. Mimi huacha zipatazo 50: natangaza karibu tarehe 10 Mei, bei mpya inaanza tarehe 1 Julai. Kufikia tarehe 10 wengi wameshalipa mwezi unaoendelea, hivyo habari haigongani na deni. Bei ianze tarehe 1, isianze katikati ya mwezi, la sivyo utakuwa ukigawanya siku na watu hadi mwezi mwingine.

Januari usiguse. Karo, sare, vitabu, na mfuko uliotoboka Desemba. Wiki shule zinapofunguliwa mwishoni mwa Aprili na mwishoni mwa Agosti nazo ziache zipite. Usitume Ijumaa jioni ukazima simu na kwenda zako nyumbani kijijini. Tuma Jumanne au Jumatano asubuhi, siku ambayo utashinda ukipokea simu. Nasema kutwa nzima.

Mlitia saini mkataba? Kifungu cha notisi ndicho kinachotawala, si mwongozo huu. Na hata pasipo mkataba, kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa au huduma anayoinunua. Bei ni habari ya kwanza kati ya hizo.

Hatua ya 5: Waambie vijana wako kabla ya mteja yeyote

Asubuhi ile ya 2023, mama mmoja alimuuliza kijana wa magunia, "Mbona mmeongeza?" Akajibu, "Hata sisi tumeona tu kwa meseji. Labda mkubwa anataka gari lingine." Hakuwa na nia mbaya. Alisema alichodhani, kwa sababu sikuwa nimemwambia kitu. Neno hilo lilizunguka mtaa mzima kabla ya adhuhuri, na maelezo yangu yote ya baadaye yalikuta limeshakaa.

Mteja hakutani nawe. Hukutana na dereva, na utingo, na kijana anayeketi kwenye baiskeli na kreti ya maziwa, na fundi anayepanda ngazi kufunga waya. Huyo ndiye biashara yako. Waketishe wiki moja kabla ya tangazo, ikiwezekana kwa chai, uwaonyeshe ile karatasi ya hesabu. Watakuuliza mara moja, kama wangu walivyoniuliza: "Na sisi?" Lazima uwe na jibu. Ukiwaambia wateja kwamba umeongeza mishahara, basi mishahara iwe imeongezwa kabla meseji haijatoka, kwa sababu kijana ataulizwa langoni, "Eti wamewaongeza pesa?" Akisita kidogo tu, umeumbuka. Mimi niliongeza mishahara Mei, bei ikaanza Julai. Miezi miwili hiyo niliibeba mfukoni mwangu, na haikuwa rahisi, lakini kijana alipoulizwa alijibu "Ndiyo, mama" bila kufikiri.

Wape sentensi moja waijue wote: "Ni kweli, mama. Kuanzia tarehe 1 mwezi wa saba ni 350. Mkubwa ameweka nambari yake kwa meseji, ukimpigia atakueleza." Wasiongeze hapo. Wasipewe mamlaka ya kupunguza, maana kijana anayewapendelea wateja wa njia yake anakuachia kesi kwenye njia nyingine zote. Fanyeni mazoezi, mmoja awe mteja mkali, mwingine ajibu. Nilidhani ni mchezo wa watoto mpaka nilipoona dereva wangu, mtu mzima wa miaka mingi barabarani, akikosa la kusema mara tatu.

Hatua ya 6: Wateja wakubwa waendee kwa miguu

Mwenye jengo la nyumba 24 ni uamuzi mmoja wenye uzito wa nyumba 24. Vivyo hivyo hoteli, shule na kanisa. Hao wasisome kwenye simu. Waendee wiki mbili kabla ya tangazo la wote, na ukimwendea mwenye nyumba mkaribie msimamizi wake pia, kwa kuwa ndiye atakayeulizwa na wapangaji.

Kumbuka kwamba katika majengo mengi ada ya taka imo ndani ya kodi au hukusanywa pamoja nayo. Mwenye nyumba hawezi kuigusa kesho. Anahitaji kuwaandikia wapangaji wake. Muulize, "Mzee, wewe unahitaji muda gani kuwaeleza watu wako?" Swali hilo peke yake lingeniokolea lile jengo. Mpelekee barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe na sahihi, aibandike ukutani. Akitaka muda zaidi kwa mwezi mmoja, mpe, na uandike kwenye barua ile ile kwamba ni mwezi mmoja.

Hatua ya 7: Andika ujumbe

Huu ndio niliotuma mara ya pili, jina la kila mteja likiwa mwanzoni:

"Habari ya asubuhi, Mama… Ni… wa lori la taka. Kuanzia tarehe 1 Julai ada yetu ya mwezi itakuwa 350 badala ya 300. Tumeongeza mishahara ya vijana wanaozoa, na ada ya sasa haitoshi kuilipa. Siku za kuzoa ni zile zile, Jumanne na Ijumaa. Mei na Juni utaendelea kulipa 300. Bei mpya haitaguswa hadi Julai ya mwaka ujao. Ukiwa na swali nipigie kwa nambari hii, nitapokea mwenyewe."

Tazama jinsi ulivyopangwa. Baada ya salamu na jina, bei mpya na ya zamani zimekaa pamoja, kwa shilingi. Asilimia usimpe mtu. Anayelipa 300 hataki kutafuta asilimia 16 na ushei ni ngapi. Usiseme "tumefanya marekebisho" wala "tumeboresha vifurushi". Kila Mkenya aliyelipia king'amuzi anajua maneno hayo yanaficha nini, na akiyaona huruka moja kwa moja kutafuta nambari. Sababu ni sentensi moja. "Hali ngumu ya uchumi" iache, maana hali hiyo imempata yeye pia, na hakuna aliyemlipa fidia.

Kisha kuna kisichobadilika, siku za kuzoa. Kuna kile anachobaki nacho, miezi miwili kwa bei ya zamani. Kuna ahadi ya mwaka mmoja. Ahadi ni deni, hivyo usiiweke kama hesabu yako ya hatua ya kwanza haikuhakikishii. Bora kuiacha kuliko kuivunja.

Ukitaka kuona namna kubwa ya kukosea, mwaka 2011 Netflix ya Marekani iliwatangazia wateja waliokuwa wakilipa takriban dola 10 kwa DVD na filamu za mtandaoni kwamba hizo sasa ni huduma mbili, jumla takriban dola 16. Katika robo mwaka hiyo hiyo ilipungukiwa na wateja wapatao 800,000. Mkuu wake, Reed Hastings, aliandika kuomba radhi. Bei hakuirudisha. Aliombea radhi namna walivyoitangaza, kwamba haikuwa na heshima wala unyenyekevu. Mimi nilipolisoma hilo nilimkumbuka msimamizi wangu wa saa tano usiku.

Kuhusu njia ya kutuma: SMS moja huhesabiwa herufi 160, na ujumbe huo utahesabiwa kama meseji tatu. Zilipie. Ukiukata ili uokoe senti, utakachokata ni sababu au ahadi. WhatsApp ni sawa pia, ila orodha ya kutangazia humfikia tu aliyehifadhi nambari yako. Wengine hawataona kitu nawe utadhani wamepata. Wazee na wanaolipa taslimu wapelekewe karatasi mkononi, kwa Kiswahili, maandishi makubwa.

Kundi la WhatsApp la mtaa usilitumie kwa tangazo la kwanza. Wa kwanza kukasirika humo ndiye huamua wengine watajisikiaje, na wale 50 ambao wangelipa bila neno huona aibu kusema kinyume. Zungumza na mtu mmoja mmoja. Baadaye wakikuuliza kundini, jibu kwa ufupi na heshima.

Kitu kimoja kidogo kinachosahaulika: kuna wateja waliojiwekea M-PESA Ratiba au amri ya kudumu benki. Hao simu itaendelea kutuma 300 hadi waibadilishe wenyewe. Watafute kwenye taarifa yako ya malipo, uwapigie, uwaongoze hatua kwa hatua kuibadilisha. Wakumbushe wote tena karibu tarehe 20 Juni, kwa sentensi mbili tu.

Hatua ya 8: Pokea simu

Simu za siku ile ndizo kazi yenyewe. Maswali hayazidi manne au matano, na yanajirudia.

"Lori halikuja wiki jana, unaongezaje?" Kama ni kweli, kubali kabla ya kueleza chochote. "Ni kweli, mama, Ijumaa hatukufika. Leo saa nane nitamtuma kijana aichukue." Halafu mtume kweli. Bei izungumzwe kesho yake.

"Wale wa mkokoteni wanachukua 200." Usiwatukane, wengine wao ni majirani zako na watu wanaotafuta riziki. Sema unachofanya wewe: "Wao ni 200, ni kweli. Sisi tunafika mara mbili kwa wiki, na taka yako tunaipeleka hadi jaa la Gioto." Kisha nyamaza. Akichagua mkokoteni, mtakie heri na umwambie nambari yako haijabadilika. Wapo waliorudi kwangu, na hakuna aliyerudi kwa sababu nilimbishia.

"Mimi ni mteja wako tangu mwanzo, niachie 300." Huyu ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu anasema kweli na unampenda. Mpe kitu ambacho unaweza kumpa kila mtu: akilipa miezi mitatu kabla ya tarehe 1 Julai, miezi hiyo mitatu atalipa kwa 300. Isizidi mitatu. Pesa hiyo usiile, maana ni kazi ambayo bado hujaifanya na dizeli yake hujainunua. Iweke kando, uichukue mwezi kwa mwezi.

Anayepiga kelele mwache amalize. Wengi wao, nimeona, wana jambo jingine siku hiyo, nawe ndiwe uliyekuwa karibu.

Hatua ya 9: Wasioweza

Watakuwapo. Mjane anayeishi na wajukuu, mpangaji aliyefutwa kazi mwezi uliopita. Weka huduma ndogo iliyo wazi kwa yeyote: mara moja kwa wiki kwa 200, kwa mfano, ikiwa daftari linakuruhusu. Anayeichagua asihisi amepewa msaada.

Zaidi ya hapo, kuna wachache utakaoamua kuwaachia bei ya zamani. Amua mwenyewe, usimwachie kijana. Andika jina, sababu na mwezi wa kuangalia tena. Usimtangazie mtu wema wako, na mwambie yeye kwa siri, ana kwa ana. Mimi nina nyumba tano za namna hiyo na nimeziingiza kwenye hesabu kama gharama, sawa na glavu.

Hatua ya 10: Mwezi wa kwanza na wa pili

Julai ikifika, kuna watakaotuma 300, wengine kwa kusahau na wengine kwa kujaribu. Huwezi kuwatofautisha, hivyo wote wachukulie wamesahau. "Nimepokea 300, asante sana. Imebaki 50, unaweza kuiongeza ukilipa Agosti." Gunia la mtu usiliache langoni mwezi huo kwa shilingi 50. Agosti ikipita bila 50 zote mbili, mpigie. Septemba ndipo huduma inasimama, baada ya kumwambia tarehe.

Orodha ya wadaiwa usiibandike langoni wala kuituma kundini. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na kabla ya sheria kulikuwa na adabu. Jina la mtu na deni lake ulipewa kwa ajili ya kazi.

Aliyehama mpigie mara moja, umuulize swali moja: "Ni bei, au kuna kitu tulichokosea?" Usimbembeleze arudi. Andika jibu kwa maneno yake mwenyewe.

Tarehe 5 Septemba funga hesabu. Zihesabu nyumba zilizolipa 350 kamili na uzipime na ile 343 iliyo mfukoni. Zikiwa zaidi, endelea na kazi. Zikipungua, usikimbilie kushusha bei. Chukua majina ya waliohama uyapange kwa mitaa: Shabab wangapi, Kiamunyi wangapi, Lanet wangapi. Mimi nilipofanya hivyo nilikuta zaidi ya nusu wametoka njia moja, na njia hiyo ilikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akifika saa nne badala ya saa mbili, wakati watu wameshafunga malango na kwenda kazini.